Deki ya Bi Mkunga

Siku ile tulikuwa wanane sebuleni kwa Bi Mkunga. Mimi Mwanaidi, nimekaa karibu na mlango kwa sababu nilikuwa nimetoka kukaanga samaki na bado nilinuka mafuta. Wadogo zangu watatu: Shabani, aliyekuwa ameanza kuota ndevu na kujiona baba, Zuhura, darasa la sita, na Hamisi, kitinda mimba wetu, kalala kifudifudi kwenye mkeka. Baba Mdogo, ndugu yake marehemu baba, aliyefika asubuhi kutoka Pangani na kofia yake ya viua. Mama Rukia, jirani wa ukuta kwa ukuta, amepakata deki yake ya bei rahisi kama mtu aliyepewa mtoto ambembeleze. Fundi Seif, mtengenezaji wa redio na runinga, bisibisi kaibana kwa meno. Na Bi Mkunga mwenyewe, amesimama katikati ya chumba na raba zake nyeupe, mikono kiunoni, kama alivyokuwa akisimama wodini.

Tulikuwa tumekusanyika kushindanisha deki mbili za kuonyeshea filamu. Lakini Baba Mdogo hakuwa amesafiri kwa ajili ya deki. Alikuja kuwachukua Zuhura na Hamisi.

Arobaini ya mama ilikuwa imekwisha. Baba alitangulia miaka ya nyuma, kwa ajali, njia ya Kerege. Mimi niliacha shule kidato cha pili mama alipoanza kuugua, na kwenye kikao cha ukoo nilisema kwamba wadogo zangu nitawalea mwenyewe, wote, nyumba moja. Wazee walitazamana. Mmoja akauliza ni mtu mzima gani atakayesimama nami. Kabla sijajibu, sauti ikatoka upande wa wanawake: "Mimi." Ilikuwa ya Bi Mkunga, ambaye si ndugu yetu kwa damu wala kwa ndoa. Baba Mdogo hakubisha. Alisema tu kwamba atarudi kumtazama huyo "mimi" anaishije.

Jina lake analo, tena zuri, lakini mtaani kwetu Bagamoyo hapakuwa na aliyelitumia. Alikuwa mkunga wa hospitali mpaka alipostaafu, na mikono yake ilikuwa imewapokea watu wengi sana kati ya wale unaopishana nao ukitoka kwetu kwenda soko la samaki. Hakuwatambua kwa sura wala kwa ukoo. Aliwatambua kwa namna walivyokuja duniani. "Yule alikuja na kitovu shingoni," angesema, akimwonyesha kijana mwenye misuli anayebeba barafu. "Yule hakulia mpaka nilipomzaba kofi." Siku moja mtendaji wa mtaa alimjia juu mbele ya watu kwa sababu ya takataka. Bi Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Sawa mwanangu, nimekusikia. Ila wewe tangu mwanzo ulitanguliza matako." Watu waliokuwa wakichota maji bombani waliziacha ndoo zikamwagika. Mtendaji naye akacheka, maana angefanya nini?

Neno lake kuu lilikuwa "pumua kwanza". Ukimwendea na kilio, pumua kwanza. Ukimwendea na habari njema, pumua kwanza. Niliwahi kumkimbilia kumwambia kwamba mafuta yameshika moto jikoni. Akaniambia nipumue kwanza, na wakati napumua yeye alikuwa keshatoka na mchanga kwenye beseni.

Alikuwa bahili wa vitu vidogo. Mifuko ya nailoni aliifua na kuianika kwenye kamba pamoja na nguo. Njiti ya kiberiti iliyoungua nusu aliirudisha kwenye boksi, apate kuhamishia moto kutoka jiko moja kwenda jingine. Bajaji hakupanda, alitembea na mwavuli wake, jua na mvua. Kwa hiyo alipopata kiinua mgongo, sote tulijua atakifanyia nini. Paa lake lilikuwa bovu. Mvua ikinyesha alipanga sufuria sebuleni, na ukipita nje ulisikia zinalia kila moja kwa sauti yake.

Akaenda Kariakoo. Akarudi na gari la kukodi na maboksi matatu: runinga kubwa, spika, na deki. Runinga na spika watu walizielewa. Deki ndiyo iliyozua maneno. Bei yake sitaitaja, kwa sababu yeye mwenyewe aliitaja mara moja tu, kwa Mama Rukia, na Mama Rukia alitafuta kiti.

Ilikuwa nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, haina taa za rangi rangi wala kelele. Kidroo cha kuwekea sidii kilitoka taratibu na kurudi taratibu.

"Inafanya nini ambacho yangu haifanyi?" aliuliza Mama Rukia.

"Inanyamaza."

"Hata yangu nikiizima inanyamaza."

"Yako inanguruma, Rukia. Nikiwa kwangu nikaisikia, nadhani unasaga nafaka."

Lakini sababu aliyoipenda zaidi ilikuwa nyingine. Filamu alizionyesha Ijumaa, watu wakishatoka msikitini na kula. Alitundika khanga madirishani ili chumba kiwe na giza, na majirani wakaja na mikeka yao. Sasa filamu za Kihindi zina urefu wake. Haijafika katikati, adhana ya alasiri inalia. Bi Mkunga alibonyeza rimoti, akazima kila kitu mpaka kwenye soketi, maana hata umeme aliufanyia ubahili, na watu wakaenda kuswali. Waliporudi, deki ile iliendelea palepale ilipoachia, kwenye neno lilelile ambalo baba mkwe alikuwa hajalimaliza. Deki ya Mama Rukia ukiizima ilianza upya toka mwanzo, na watu wakakaa wanabishana: tulikuwa tumefika wapi, kwenye wimbo au kwenye moto? "Swala haitaki mtu anayewaza filamu yake itapotea," Bi Mkunga alisema. "Hii inanitunzia mahali pangu." Sijapata kusikia muuza duka akiisifia deki kwa sababu hiyo, lakini kwake ilikuwa sababu tosha.

Kuangalia naye filamu kulikuwa na kazi yake. Alizungumza na waigizaji kama wagonjwa. Mwanamke akikimbizwa msituni, yeye aliegemea mbele: "Pumua kwa mdomo, mama. Kwa mdomo!" Na ikifika sehemu ya mtu kujifungua, alikasirika kweli. "Tazama mtoto huyo! Kazaliwa sasa hivi na ana meno! Na mama mtu nywele zimechanwa, wanja haujatoka. Mungu anawaona." Alitaka hata Hamisi ashuhudie uongo huo.

Jambo moja sikuwahi kulielewa. Siri za wodini hakuzitoa. Alijua ni nani alizaa na nani, nani alilia jina gani kwenye uchungu, na hayo yote alikuwa nayo kifuani kwake. Lakini mwisho wa filamu hakuweza kuuficha. Ukikaa naye dakika kumi atakwambia, "Huyu atakufa, usimzoee."

Na deki hiyo ya thamani aliifunika. Sebule za kwetu ndivyo zilivyo, kila kitu kizuri huvalishwa kitambaa cha kufuma, na yake ilipata kitambaa kikubwa kuliko vyote, cheupe, chenye maua ya pinki pembeni, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Fundi Seif alimsihi.

"Bi Mkunga, shikamoo."

"Marahaba."

"Ile mashine inahema. Ina matundu ya kutolea joto juu na ubavuni. Umeiziba."

"Ihemee humo humo, kama bibi harusi."

"Bibi harusi hufunuliwa, Bi Mkunga!"

"Na yenyewe naifunua Ijumaa."

Basi Baba Mdogo alikuja wakati wa masika. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, na sufuria mbili bado zilikuwa sakafuni. Aliingia, akakaribishwa, akanywa chai. Aliangalia juu. Akaangalia sufuria. Halafu akaangalia kitambaa cheupe na kilichokuwa chini yake.

"Dada yangu, utanisamehe," alisema. "Paa hili na mashine hii, kipi kilitangulia kuharibika?"

"Mashine haijaharibika. Paa lilianza zamani."

"Na pesa zilipokuja?"

"Nikanunua mashine."

Baba Mdogo alikigeuza kikombe mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake sita na bado alikuwa tayari kuongeza wawili. "Mimi nitarudi Pangani na jambo gani la kuwaambia watu? Kwamba watoto wa kaka yangu nimewaachia binti anayekaanga samaki, na nyuma yake kuna mama mwenye hesabu hizi?"

Zuhura alinishika kidole kimoja tu, kile kidogo, akakikaza.

Mama Rukia, aliyekuwa amesimama mlangoni kusikiliza, hakuweza kujizuia. "Tena picha ni ileile, shehe. Yangu niliinunua kwa bei ya kuku watatu. Subiri niilete uone." Akaenda kuichukua. Shabani akatumwa kumwita Fundi Seif, ambaye meza yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Ndivyo tulivyofika kuwa wanane.

Bi Mkunga alikubali mwenyewe. Nadhani alikuwa na hakika. Alisema, "Zifunikwe zote mbili, tuangalie filamu, kila mmoja aseme ipi ni ipi. Kama hamtaiona tofauti, basi nilitupa pesa zangu." Fundi Seif akazifunika, akachomeka nyaya, akatuonyesha kipande kilekile mara mbili: watu wanacheza ngoma kwenye mvua, farasi anapita nyuma. Mara ya kwanza kwa deki moja, mara ya pili kwa nyingine.

Shabani akasema ya kwanza ndiyo nzuri. Zuhura akasema ya pili, kisha akabadili. Hamisi akasema ile yenye farasi mwekundu, na farasi alikuwa mwekundu kote kote. Mimi niliangalia kwa macho yangu yote nikaona sawa, nikasema ya kwanza kwa kubahatisha. Baba Mdogo alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akakaa pale, akarudi nyuma, akasema bila wasiwasi, "Ya pili. Ya pili ndiyo ya thamani."

Fundi Seif alifunua. Ya pili ilikuwa ya Mama Rukia.

Mama Rukia alipiga kigelegele mpaka kuku wa nje wakatawanyika. Watoto walicheka. Mimi sikuweza. Nilimwona Baba Mdogo anajinyoosha kanzu, kama mtu aliyekwisha kuamua, na nikaanza kufikiria nguo za Hamisi ziko wapi, zipi zimekauka.

Hapo Fundi Seif akainama kwa Bi Mkunga. Alidhani ananong'ona, lakini spika zimemharibu masikio, sote tulisikia. "Tatizo si mashine. Tatizo ni hizi sidii zako za pale stendi. Zimenakiliwa, filamu nne kwenye sidii moja, picha imekwisha kukamuliwa. Hata uiwekee deki gani, haitarudisha kilichokwisha kutolewa. Weka ile halisi iliyokuja kwenye boksi la deki, ile ya samaki wa baharini. Hiyo ya Rukia haiwezi hata kuifungua. Weka, wataona wenyewe."

Ni kweli sidii hiyo ilikuwepo, kwenye droo, ndani ya mfuko wake. Angeiweka, angeshinda. Nilimtazama, nikimwomba kwa macho aiweke.

Bi Mkunga alifikiri kidogo. Kisha akatikisa kichwa. "Tulikubaliana filamu. Samaki si filamu, hawana hadithi. Na mimi siku zote naangalia hizi za stendi." Akamgeukia jirani yake. "Rukia, umenishinda. Pesa zangu nilizitupa." Akaketi.

Mama Rukia aliyumba mbele kidogo, kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu akakuta uko wazi.

Baba Mdogo aliomba maji. Alikunywa yote. "Nipe namba yako ya simu, dada," alisema.

"Ya nini?"

"Nimeishi na watu wengi wasiojua kushindwa. Mtu wa hivyo watoto wakilala na njaa, atanificha kwa aibu. Wewe utanipigia."

"Nitakupigia usiku wa manane."

"Hata mchana inatosha." Akasimama, akavaa viatu mlangoni. "Watoto wabaki. Wote. Lakini hilo paa, Bi Mkunga, kwa jina la Mungu."

Alipoondoka ndipo tukaiangalia sidii ya samaki. Nimeshika samaki tangu nikiwa na miaka kumi na tano na sikuwahi kuwaona hivyo. Changu alipita, ukahesabu magamba. Kolekole akageuka na mwanga ukamfuata ubavuni. Fundi Seif aliangalia huku amekumbatia bisibisi. Mama Rukia alisema, "Mh," akaichukua deki yake akaenda nayo kwake. Bi Mkunga alisinzia. Haikuwa na hadithi.

Namba ile aliitumia. Alipiga simu Shabani alipotaka kuacha shule aende kuwa utingo. Alipiga nilipougua homa nikawaambia watoto wasimwambie mtu, na mimi nikamnunia kwa kunitangaza, na Baba Mdogo akaja na gunia la mchele. Ijumaa alitukagua kucha na shingo kabla ya filamu kuanza. Mimi alinipa ndimu nikanawe mikono kwanza, ndipo nikaruhusiwa kukalia kochi lake. Zuhura hakumpenda kwa muda mrefu, maana alikuwa mkali kwake na kwa Hamisi alikuwa siagi. Hamisi aliweza kuvunja kikombe akaambiwa kikombe kilikuwa kimezeeka. Nilimlalamikia. Alisema ndiyo, anampendelea, na hana mpango wa kuacha. Paa alikuja kuliezeka, bati moja moja, kwa pesa ya maandazi aliyoanza kuuza.

Sasa magoti yamemkataa na macho yameingia ukungu, na binti wa kaka yake amemchukua Mapinga, kwenye nyumba mpya katikati ya viwanja vya watu wanaofanya kazi Dar. Mara ya mwisho nilimwendea baada ya ndoa ya Zuhura. Nilimkuta barazani na raba zake nyeupe. Ndani, deki ilikuwa kwenye kabati la vioo, imefunikwa kitambaa kilekile. Ilikwisha kufa. Fundi Seif aliifungua akakuta chumvi, pamba za kitambaa, na mjusi mkavu.

"Bi Mkunga," nilimwuliza, "niambie kweli. Ilistahili?"

"Haikustahili. Kwa zile sidii zangu, hata ya Rukia ingetosha."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilisema mbele yenu wote."

Kisha akauliza habari za bwana harusi. "Nani alimpokea?"

"Kazaliwa Tanga."

"Basi simjui," alisema, kwa sauti ya kutomwamini kabisa.

Nikafungua mfuko nikatoa mkaja. Kwetu, watu wa mume wanapoleta mahari, huleta na mkaja, khanga na bahasha ya mama wa binti, kwa ajili ya tumbo lililobeba na kufungwa kitambaa baada ya uzazi. Baba Mdogo, aliyekuja kumwozesha Zuhura, alikuwa amenikabidhi mkaja huo yeye mwenyewe, akasema, "Mwenyewe unamjua."

Bi Mkunga aliipapasa doti ile ya khanga, akainusa, akaiweka mapajani. "Mama yenu nilimfunga mkaja mara nne," alisema. "Nilikuwa namkaza mpaka ananitukana."

"Ndiyo maana ni wako."

Akaitandaza juu ya magoti. Nikadhani ameipokea. Kisha akaikunja vizuri, na bahasha ndani yake, akanirudishia.

"Mkunga halipwi kondo la nyuma halijatoka."

"Kondo gani tena, Bi Mkunga? Shabani ana familia yake Kerege. Zuhura ndiyo huyo kaolewa. Kama ni Hamisi, Hamisi anamaliza ufundi umeme mwaka huu."

"Hamisi ana fani mkononi, atajimudu. Nakusema wewe." Alinitafuta uso kwa yale macho yake ya ukungu. "Umewatoa wote watatu. Wewe mwenyewe bado umo ndani."

Nilicheka. Nikamwambia mimi nina sufuria yangu na wateja wangu, nimezeeka kwa mambo ya kuanza maisha mapya. Akasema wanawake wengi wamemwambia hivyo wakiwa wamelala mbele yake, na wote walisukuma. Kisha akaita binti wa kaka yake alete chai, akaanza kunihadithia mwisho wa filamu ambayo sijaiona.

Nilirudi Bagamoyo na mkaja wangu. Uko kabatini, doti haijakatwa. Kila nikitafuta nguo ya kuvaa mkono unaugusa kwanza, na sijamlipa.